Chui wa Ujerumani na Nyani wa Japani

Posa ya Shadia ilikwenda vizuri mpaka pale Mzee Stambuli alipotua kamba yake begani na kuiweka mkekani, karibu kabisa na miguu ya Hatibu.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa yamenyooka. Mwajuma, mama yake Shadia, alikuwa amepika wali wa nazi na kuku, amefagia uwanja tangu alfajiri, na amewafukuza mbuzi na watoto wa jirani kwa fimbo moja. Huku Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya ndoa ni mjomba. Baba yake Shadia naye alikuwepo, pale kwenye kona, akinywa chai, na tangu hapo hatuna haja ya kumtaja tena. Waliokuwa na kazi siku ile ni wajomba wawili: Hatibu, kaka yake Mwajuma, mjomba wa binti, na Stambuli, aliyetoka ng'ambo ya mto, mjomba wa Twalibu, kijana mwenye kuposa. Wote wawili walikuwa warina asali. Wote wawili walipanda miti mirefu kutundika mizinga, na wote wawili, Mungu awasamehe, walikuwa wabishi.

"Kamba gani hiyo?" Hatibu aliuliza, macho yakiwa kwenye ile ncha iliyochovywa rangi nyekundu.

"Nyani," Stambuli alijibu kwa fahari. "Ya Japani."

Hatibu aliacha kutafuna. Aligeuka akatazama ukutani kwa dada yake, mahali alipokuwa ametundika kamba yake mwenyewe, yenye ncha ya buluu, kama watu wengine wanavyotundika saa.

"Mimi napandia Chui," alisema. "Ya Ujerumani. Chui ni mnyama mwenye heshima zake. Nyani ni mwizi wa mahindi."

"Heshima ni jambo jingine, bwana. Sisi tunazungumzia kupanda. Umeshamsikia nani akisema mtoto fulani anapanda miti kama chui?"

"Nyani akipanda, chui anamfuata hukohuko juu anamla."

"Anamfuata," Stambuli alisema taratibu, akinyoosha kidole. "Maana yake nyani alishatangulia kufika."

Wazee waliokuwa mkekani wakacheka. Mwajuma, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la ndizi mbivu, alitamani ardhi ipasuke, si immeze yeye, iimeze kamba. Alimjua kaka yake. Ukimchekesha Hatibu mkacheka pamoja, ni mtu mwema kupita wote. Ukiwachekesha watu naye akiwa ndiye kichekesho, umeharibu shughuli.

Hatibu akasimama, akavaa kofia yake. "Mpwa wangu," alisema, "hatakwenda kuzaa watoto kwa watu wanaopandia Nyani."

Akaichukua Chui yake ukutani, akaondoka. Stambuli akaichukua Nyani yake, akaondoka. Ndizi zikaliwa na mbuzi.

Sasa, msomaji, jambo ambalo wajomba wale hawakulijua, na ambalo Mwajuma alilijua mpaka likawa linamwasha kooni, ni kwamba Chui haikutoka Ujerumani na Nyani haikutoka Japani. Zote mbili zilitoka nyuma ya jiko lake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, Serikali ilipofungulia bidhaa za nje. Watu walikuwa wamepanga foleni za sabuni na sukari mpaka wakachoka, halafu ghafla maduka ya Morogoro mjini yakafurika vitu: redio, vitenge, baiskeli, biskuti za bati, na marobota ya kafa-ulaya, nguo za mitumba, yaliyofunguliwa chini sokoni watu wakayaparamia. Kila kitu kilichotoka nje kilikuwa kizuri, na kilichotengenezwa hapa kilikuwa cha kumpa mgeni usiyempenda. Duka la ushirika pale kijijini, lililokuwa likiuza kamba za kupandia, lilifungwa, na popo wakahamia.

Ndipo Mwajuma alipoanza kusokota. Alikuwa amefundishwa na bibi yake. Alinunua singa za mkonge kutoka mashambani kule bondeni, akazichana, akazisokota nyuzi tatu tatu, Shadia akishika ncha na kurudi nyuma polepole mpaka kwenye migomba, yeye akikaza upande huu. Kamba yake ya kwanza alimpelekea kaka yake, imekunjwa vizuri, imefungwa kwa jani la mgomba.

Hatibu aliivuta mara mbili. "Nzuri," alisema. "Ya kufungia mbuzi."

"Ni ya kupandia, kaka."

"Mwajuma, kamba ya kumbeba mtu inatengenezwa kwa mashine. Hii hata jina haina."

Maneno hayo yalimuuma. Alirudi nyumbani, akaitia ile kamba kwenye tenga la ndizi, na siku ya pili akapanda lori la Anselmi kushuka mjini. Sokoni alimkuta Yunusi, mfanyabiashara aliyewahi kuuza dagaa, halafu betri, halafu miavuli, na wakati huo alikuwa akitafuta kitu cha nne. Yunusi aliivuta ile kamba, akaning'inia nayo kwenye boriti ya kibanda chake mpaka boriti ikalia.

"Kamba hii ni kiboko, Mama Shadia. Kasoro yake moja tu, haina jina."

Wiki hiyohiyo akaipa mawili. Alichovya ncha za kamba nyingine kwenye rangi ya buluu, nyingine kwenye nyekundu, akachora karatasi za kubandika kwa mkono wake mwenyewe. Chui alitoka kama mbuzi mwenye tetekuwanga. Nyani alitoka vizuri zaidi, maana Yunusi alimchora huku akimkumbuka mkwe wake. Chini aliandika majina ya nchi, akipanga Ujerumani iwe ghali kidogo, kwa sababu ni mbali na kuna baridi.

"Kwa nini mbili, na kamba ni moja?" Mwajuma aliuliza.

"Ukiweka kamba moja, mteja anauliza bei anaondoka. Ukiweka mbili, anaanza kuchagua. Akishaanza kuchagua, huyo haendi popote." Akainamia sikio lake. "Lakini usimwambie mtu, mama. Siku watakayojua Chui anazaliwa kwenu, njia ya Mkuyuni, mimi narudi kwenye dagaa na wewe kwenye mbuzi wako."

Mwajuma akaapa. Na kwa miaka miwili akawa anashusha kamba mlimani ndani ya matenga ya ndizi, na lori lilelile la Anselmi likawa linazipandisha tena, zimeshapata uraia wa Ujerumani, mikononi mwa kaka yake. Hatibu angepita pale kwa dada yake kuonyesha. "Ona hii," angesema, akiipapasa. "Ona Mzungu alivyokaza. Wewe huwezi." Mwajuma angeitikia, "Kweli kaka, siwezi," halafu angekwenda jikoni kucheka kwenye upande wa kanga mpaka Shadia ampige mgongoni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hata Yunusi hakulijua. Bibi yake Mwajuma alimfundisha kwamba kamba ya kupandia haianzwi hivihivi. Pale mwanzo kabisa, kabla nyuzi tatu hazijakutana, unatia katikati kipande cha kanga chenye urefu wa kiganja, na kimoyomoyo unaomba yule atakayepanda ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Kamba ya mbuzi huitii kitu, mbuzi ana miguu minne. Na kanga yenyewe isiwe tambara la kuokota, iwe kanga uliyopewa na mtu. Mwajuma alikuwa na doti moja tu ya kupewa: ya njano, yenye majogoo wekundu, aliyoletewa na Hatibu alipokuwa kibarua wa mkonge huko Kingolwira, mwezi aliozaliwa Shadia. Hatibu hakuwa mtu wa zawadi. Ile moja aliikumbuka kila Idi.

"Ile kanga ya majogoo mbona siioni?" angeuliza.

"Panya, kaka."

"Panya wa hapa wana adabu mbaya sana," Hatibu angesema kwa huzuni.

Sasa posa ilikuwa imevunjika, na Shadia alikuwa amelala chali chumbani, hali, hanywi, hasokoti.

"Mama, waambie tu," alisema. "Waambie ni zetu zote. Wataacha kugombana."

"Nikisema, mjomba wako ataonekana mpumbavu mbele ya watu. Amesifia Ujerumani miaka miwili. Mjomba aliyeaibika hakai mkekani, mwanangu, na asipokaa mkekani wewe huolewi."

"Na usiposema?"

Mwajuma akachukua tenga lake. Alishuka mjini kumuuliza Yunusi, akiamini kwamba mtu aliyeleta matatizo kwa werevu anaweza pia kuyaondoa kwa werevu. Yunusi alisikiliza yote, akakuna kidevu, uso ukang'aa.

"Tutoe kamba ya tatu," alisema. "Ya kuwapatanisha. Twiga, ya Amerika."

"Yunusi, twiga hapandi miti."

"Hana haja ya kupanda! Ndiyo sifa yake!"

Mwajuma akarudi mlimani na hasira zake.

Alikuta mambo yamezidi kuharibika. Hatibu na Stambuli walikuwa wamekutana gulioni, wakabishana mbele ya watu, na watu, badala ya kuwatenganisha, wakagawanyika. Warina asali, wakwezi, wapasua mbao, hata wale ambao hawajapanda kitu kirefu kuliko kitanda, kila mmoja alikuwa Chui au Nyani. Ikaamuliwa kwamba Ijumaa baada ya swala, kwenye uwanja wa mpira, Chui mpya na Nyani mpya zitafungwa pamoja zivutwe, upande huu na upande ule. Itakayokatika ndiyo mbovu.

"Ikikatika Nyani," Hatibu alitangaza, "Bwana Stambuli atapandia Chui, yeye na ukoo wake wote, na mimi nitaozesha hata kesho."

"Na ikikatika Chui?" Stambuli aliuliza.

"Haikatiki."

"Ikikatika?"

"Basi nimeaibika. Na mtu aliyeaibika haozeshi."

Anselmi alitumwa mjini kununua kamba hizo, moja moja, na kwa kuwa nyumba ya Mwajuma ilikuwa kando ya barabara na yeye ni mama wa binti, asiye Chui wala Nyani, akaziacha kwake zilale salama. Mwajuma alizitambua zilipotua tu. Alikuwa amezisokota siku moja, asubuhi ileile, zikafuatana kama mapacha.

Aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akachukua kisu cha jikoni.

Lilikuwa jambo dogo tu. Uzi mmoja wa Nyani, kwa ndani, mahali pasipoonekana. Itakatika, Hatibu atashinda, Shadia ataolewa, na hakuna atakayeonekana mpumbavu isipokuwa Stambuli, ambaye si kaka yake. Aliifungua ile kamba kidogo kwa kidole, akaweka makali ya kisu. Hapo akamwona mawazoni Stambuli alivyo, mtu bahili kuliko wote ng'ambo ya mto. Je, isipokatika? Kama ikilegea tu? Stambuli hatatupa kamba mpya. Jumatatu ataipandia mvule, na huko juu atakuwa na mzinga kichwani, na nyuki usoni, na uzi mmoja pungufu.

Mwajuma akaondoa kisu. Akakitumia kumenyea vitunguu, vingi kuliko mchuzi ulivyohitaji, akalia kwa kisingizio hicho.

Ijumaa uwanja ulijaa. Joyce, mama ntilie wa gulioni, alikuwa ameleta masufuria yake yote, maana yeye hakujali mnyama gani anashinda mradi watu wapate njaa. Kamba zilifungwa pamoja kwa zile ncha zisizo na rangi, fundo kubwa kama boga, ili buluu ibaki kwa Hatibu na nyekundu kwa Stambuli. Wanaume wakashika. Twalibu, kijana wa watu, alipangwa upande wa mjomba wake, na kila akivuta alimtazama Shadia kwa macho ya kuomba radhi.

Walivuta. Fundo likaenda kwa Stambuli, likarudi kwa Hatibu, likasimama. Walivuta mpaka jasho likawatoka, mpaka sarawili ya kafa-ulaya ya mpasua mbao mmoja ikafumuka nyuma na watu wakashangilia wakidhani ni kamba. Wakapumzika. Wakala kwa Joyce. Wakavuta tena. Waliochoka wakabadilishwa, na waliobadilishwa wakasahau walikuwa upande gani, ikawa kuna Nyani wawili wanavutia Chui kwa nguvu zao zote. Kamba hazikukatika. Hazikutoa hata sauti.

Mwajuma, aliyesimama kando na mikono kichwani, alijikuta katikati ya hofu yake anaona fahari. Hakuna aliyejua, lakini ilikuwa fahari, na ilimpasha moto kifuani.

"Lete lori!" Hatibu alipiga kelele.

Anselmi hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Alikuwa amekereka siku nzima kwamba shughuli inaendelea bila yeye. Ncha nyekundu ikafungwa kwenye mnazi wa golini, ncha ya buluu ikafungwa nyuma ya lori. Lori likanguruma, likatoa moshi mweusi, likasogea. Kamba zikanyooka. Mnazi ukainama. Wazee wakaanza kusoma dua, baadhi kwa ajili ya Chui, baadhi kwa ajili ya mnazi.

Mlio ulisikika mpaka kwenye mashamba ya juu. Lori likaruka mbele na kuingia kwenye migomba ya mwalimu mkuu. Fundo likapaa peke yake hewani, likazunguka, likatua ndani ya sufuria la maharage la Joyce.

Kamba zote mbili zilikuwa zimekatika, huku na huku kwenye fundo, kwa mpigo mmoja.

"Nyani imetangulia!" Hatibu alipiga kelele, akikimbia kuokota kipande chake.

"Imetangulia Chui! Nimeona kwa macho yangu!" Stambuli naye akakimbilia kipande chake.

Walikutana katikati ya uwanja, kila mmoja ameshika ncha iliyofumuka, wakazinyooshea usoni mwa mwenzake ili kuthibitisha. Hapo kila mmoja akainama kutazama. Kutoka ndani ya Chui palikuwa pamechomoza kitambaa cha njano. Kutoka ndani ya Nyani palikuwa pamechomoza kitambaa cha njano.

Stambuli alivuta cha kwake. Kilikuwa na mkia mwekundu wa jogoo.

Hatibu alivuta cha kwake. Kilikuwa na kichwa cha jogoo, mdomo wazi, kinawika.

"Wajerumani," Stambuli alisema polepole, "nao wanavaa kanga?"

Hatibu alichukua ule mkia mkononi mwa Stambuli, akauweka kando ya kichwa. Jogoo akatimia. Watu walikuwa wamesogea, wanachungulia, na Mwajuma akajua kwamba kaka yake amemtambua jogoo yule. Alitaka kukimbia.

"Mwajuma," Hatibu aliita. "Njoo hapa."

Akaenda. Hata Joyce alisimamisha mwiko.

"Panya gani huyu?"

"Ni mimi, kaka," Mwajuma alisema. "Nilikuwa naikata, kipande kwa kila kamba. Ndivyo bibi alivyonifundisha, ili anayepanda ashuke salama. Sikujua ipi kati ya hizo zote itakufikia wewe. Kwa hiyo nilitia zote."

Hatibu aliangalia chini. Alikuwa akiiona, bila shaka, miti yote aliyopanda kwa miaka miwili, ile ya kwenye genge, ule mvule wenye upepo, siku ile tawi lilipovunjika akabaki ananing'inia kwa kamba akimshukuru Mzungu. Machozi yalimlenga. Alikohoa, akasingizia moshi wa lori.

Stambuli, mbishi yule, alikuwa na nafasi ya kumcheka mpaka azeeke. Alimtazama Mwajuma, akaitazama kamba aliyoshika, akakumbuka pengine miti yake mwenyewe. Akavua kofia.

"Mama Shadia," alisema, "nami nimekuwa nikirudi nyumbani salama kila siku."

"Bwana Stambuli," Hatibu alisema, bado anatazama chini, "lete watu wako Jumapili. Mje na mkeka, wetu una mbuzi juu yake tangu siku ile tulipoondoka."

Shangwe iliyopigwa hapo iliwatoa ndege kwenye miti yote ya jirani. Twalibu alimrukia mjomba wake shingoni, wakaanguka wote. Anselmi aliomba mtu yeyote, Chui au Nyani, aje amsaidie kutoa lori kwenye migomba.

Yunusi aliposikia kwamba siri imetoka alipanda mlimani amekunja uso, akakuta foleni nyuma ya jiko la Mwajuma, watu wakinunua kamba kutoka mkononi mwa aliyezisokota. Kule mjini hawakuwa na habari, kwa hiyo Chui wa Ujerumani aliendelea kuuzwa sokoni, na Yunusi hakurudi kwenye dagaa.

Jioni ya harusi, wageni walipopungua, Hatibu alikuja jikoni kwa dada yake. Alisimama mlangoni kwa muda, akigusa hiki na kile. Alikuwa amebeba furushi, akaliweka kwenye kigoda. Lilikuwa doti ya kanga, mpya, yenye majogoo.

"Ya kukata," alisema. "Panya waambie wasiiguse."

"Ahsante, kaka."

Aligeuka kuondoka, akafika uani, akarudi.

"Lakini Mwajuma, ya kwangu mimi uichovye buluu," alisema. "Nimeizoea."